Wali Nilioula Nyuma ya Banda la Nguruwe

Wiki nzima kabla ya kwenda kujitambulisha kwa kina Gaudensia, mchumba wangu, sikupata usingizi wa maana, na kilichoniweka macho si kama nitakubaliwa au nitakataliwa, ni swali moja la kijinga: nitakula nini ukweni? Naona haya hata kulisema, ila kwa kuwa mtaa wote wa Msamala ulishapata habari kabla jua la siku ile halijazama, bora ninyi mzipate kwangu mwenyewe.

Tumbo langu lilianza vituko nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Nikila maharage, kabichi, maziwa au kitu chochote chenye vitunguu vingi, linajaa, linanguruma, kisha linanikimbiza. Wiki inayofuata linafunga kabisa kama duka la mtu aliyefiwa. Daktari alipima kila kitu akasema si vidonda, si minyoo, si amiba, ni utumbo tu ulio mwepesi kusumbuka, na mtu mwenye wasiwasi huusumbua zaidi (akanitazama, nami nikaanza kuwa na wasiwasi juu ya wasiwasi wangu). Niliporudi Songea kusubiri ajira nikakuta mgahawa wa intaneti umefunguliwa mjini, kompyuta nne, ukurasa unafunguka wewe ukiwa umeshasahau ulikuwa unatafuta nini, na huko ndiko nilikokutana na kundi la watu wa nchi mbalimbali wenye tumbo kama langu. Sijui niwaeleze vipi nilivyofarijika, maana nilidhani niko peke yangu duniani. Walinifundisha kuacha kila chakula ninachokishuku, kisha kurudisha kimoja kimoja huku naandika kwenye daftari, na nisikae na njaa muda mrefu. Mwezi wa pili nikawa mtu tena.

Basi nikawaandikia habari ya ukweni. Mama mmoja wa kundi, wa huko kwenye nchi za baridi, aliyekuwa akinijibu kwa upole kila mara, akasema ni rahisi: beba chakula chako, waeleze wenyeji, watakuelewa. Nilisoma mara sita. Kwao labda wanaelewa. Kwetu, kwenda na chakula chako kwenye nyumba ya watu ni kuwaambia usoni kwamba unawashuku kwa sumu, kama si uchawi. Nilijua hilo vizuri kabisa, na bado Jumapili asubuhi nilipika wali mweupe na karoti za kuchemsha, nikatia kwenye kopo la plastiki, nikalificha chini kabisa ya mkoba, nikijiambia ni tahadhari tu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Osmundi, jirani yangu, mtu wa maneno matamu. Kazi yangu, alisema, ni kuamkia na kunyamaza. Tulipokelewa vizuri mno. Baba yake Gaudensia, katekista mstaafu, alikaa katikati, shangazi Skola kando yake, na mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kwa sababu kwa kina Gaudensia mama mkwe na mkwe mpya hawatazamani ovyo. Kisha vyakula vikaletwa. Ugali wa dona, jogoo mzima kwenye mchuzi uliojaa vitunguu, maharage, kabichi, na jagi la maziwa ya mgando. Ungedhani mtu aliwapelekea daftari langu. Na choo chenyewe kilikuwa uani, hatua tano kutoka dirisha la sebule, mlango wake gunia.

Gaudensia alipoinama kuninawisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Samahanini, mimi leo nimefunga."

Baba yake akatoa macho. "Umefunga? Leo?"

"Ndiyo, baba."

"Leo Jumapili, mwanangu. Nimefundisha dini maisha yangu yote, sijaona Mkatoliki anafunga Jumapili."

Nikasema ni nia yangu binafsi. Nia gani? Nikasema ya ndoa. Shangazi Skola akapiga kigelegele, Mzee Osmundi akanitazama kama ndiyo kwanza anaonana na mimi, na baba mkwe, machozi yakimlenga, akasema hajapata kuona kijana wa imani namna hii, akaomba watu wale kimya kimya wasinikwaze.

Walikula saa nzima. Mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri (wasiwasi), na njaa ikaanza kunikata ule mkato ninaoujua, unaotangulia mbio. Nikawaza: vijiko vitatu tu, litatulia. Nikaomba kwenda uani, na mkoba nikaubeba. (Nani huenda chooni na mkoba? Hakuna aliyeuliza, pengine walidhani nimeweka rozari.) Nikakipita choo, nikajibanza nyuma ya banda la nguruwe, nikafungua kopo.

Ambacho sikukifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu, ni kwamba nguruwe wana pua. Walipiga kelele kama wanachinjwa, wakagonga mbao, na shangazi Skola akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni mwizi. Akanikuta nimechuchumaa, mashavu yamejaa wali.

"Heee! Mkwe! Mfungo unafungulia kwa nguruwe?"

Sikuweza kujibu, mdomo haukuwa na nafasi. Akachungulia kopo, na kicheko kilichokuwa kimeanza kikamfutika usoni.

"Umekuja na chakula kutoka kwako? Kumbe mfungo ni wa chakula chetu tu! Sisi wachawi?"

Dakika mbili baadaye kopo langu lilikuwa mezani, sebuleni, kando ya mifupa ya jogoo. Gaudensia alikuwa amesimama ukutani, anatazama miguu yake, na hapo nikakumbuka kwamba hata yeye sikuwahi kumwambia. Nilimwambia mama wa kwenye baridi nisiyeijua sura yake, mchumba wangu nikamficha.

"Mzee Osmundi," baba akasema taratibu, "kijana wako anatuogopa. Siwezi kumtoa binti kwa mtu anayeogopa mikono iliyomlea."

"Ni dawa hiyo, wazee wangu," Mzee Osmundi akaruka. "Kijana yuko kwenye dozi."

"Dozi ya karoti?" akauliza shangazi.

Mzee Osmundi akaniinamia sikioni: kaa kimya, nitatunga kitu. Na kusema kweli nilitaka atunge. Kumtajia baba mkwe habari za choo, mama mkwe akisikia nyuma ya pazia, ni jambo ambalo kwetu mtu angeona heri ahame mji. Lakini nilimtazama baba mkwe akianza kuinuka, nikaona akishainuka ndiyo basi, Gaudensia nimemkosa kwa sababu ya vitunguu. Nikasimama kabla yake.

"Baba, sikufunga. Nimedanganya. Tumbo langu ni bovu. Nikila maharage, kabichi, vitunguu au maziwa linaharisha, tena siku tatu, na daktari hana dawa ya kulimaliza. Sikuogopa mikono yenu. Niliogopa choo chenu, kiko karibu na dirisha."

Nguruwe peke yao ndio walioendelea kusema. Kisha Gaudensia akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia mpaka sauti ilipomponyoka, kumbe anacheka. Shangazi Skola akafuata, Mzee Osmundi akafuata. Baba mkwe hakucheka. Alikaa tena.

"Ungesema mlangoni," akasema. "Nimesikitikia mfungo wako mpaka nyama haikupita."

Nyuma ya pazia sauti ya mama ikasema, si kwangu, kwa watu wa sebuleni kama desturi inavyotaka: "Hebu mwulizeni huyo mgeni, uji anakunywa?"

Mzee Osmundi akakohoa, akajiweka sawa kunijibia. Nikamshika mkono, nikamjibu mama mimi mwenyewe, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Nakunywa, mama. Wa mchele, usiotiwa maziwa."