Blanketi Lililolala Mlangoni

Mwezi uliopita nilitoka Migori alfajiri kwenda kumzika jirani yetu wa zamani, kule juu ya Kendu Bay nilikozaliwa. Mazishi yalikuwa mazuri. Hema zilitosha, chakula kilitosha, kwaya iliimba hadi ikakauka koo. Kisha mhubiri mmoja kijana, ambaye sidhani aliwahi kunywa hata maji kwa marehemu, akashika kipaza sauti akasema, "Huyu alikuwa mama wa zamani. Mama mtiifu, hakuwahi kubishana na mila." Watu wakaitikia amina. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kiatu changu, maana kicheko kilikuwa kimenibana, na kucheka mazishini ni kujitafutia maneno.

Mtiifu! Basi wewe rafiki yangu, maadamu mhubiri hakuniuliza, acha nikuambie wewe.

Utotoni mwangu, kila Jumatano kazi za shamba zikiisha, wanawake watano walikutana kushona. Nikisema kushona ni kila kitu: walifuma vitambaa vya makochi, walidarizi maua kwenye mashuka, na zaidi ya yote walishona mablanketi ya viraka. Fundi cherehani wa sokoni aliwawekea vipande vilivyobaki, vya sare za shule, vya vitenge, vya suruali za wazee. Upande wa chini waliweka mifuko ya unga, ile ya zamani ya kitambaa cha pamba, iliyochemshwa na majivu mpaka maandishi yakafifia. Hayakufifia kabisa. Nilijifunza kusoma nikiwa nimelala, nikifuata herufi za unga kwa kidole.

Jirani yetu ndiye aliyekuwa na mdomo na kicheko cha kundi lile. Mama yangu ndiye aliyekuwa na mkono. Mshono wake ulikuwa mdogo na uliolala sawasawa, hata wenzake walimwachia sehemu ya katikati, pale jicho la mtu linapoangukia kwanza. Yule wa tatu ninayemkumbuka vizuri alikuwa mama wa Kikuria kutoka Ntimaru, mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa amepanga chumba karibu nasi ili awe karibu na soko la Oyugis. Kwa ajili yake kundi zima lilizungumza Kiswahili, kwa kuwa alidai Kijaluo hakimwingii. Baadaye niligundua kilikuwa kinamwingia vizuri sana, hasa akisengenywa.

Walikuwa na kanuni moja. Blanketi lilishonwa nyumbani kwa yule ambaye zamu ilikuwa yake, tangu kiraka cha kwanza hadi pindo la mwisho, wala halikuhamishwa. Mwenye nyumba alipika chai na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi, na siku njema palikuwa na viazi vitamu vya kuchoma jivuni. Blanketi lilitandikwa sakafuni, likapigwa bandi, mishono mirefu ya muda, ili lisiteleze, kisha kila mmoja akakaa upande wake na kushona kuelekea katikati. Sehemu iliyokwisha aliikunja mapajani. Kwa hiyo kadiri walivyoshona ndivyo walivyosogeleana, na wakifika mwisho walikuwa magoti kwa magoti, wakigongana sindano na kutaniana.

Halafu baba akafa. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mpole mwenye kucha nyeusi za grisi, na maradhi yalimchukua upesi. Sitasema mengi juu ya hilo. Nitasema juu ya yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonifundisha hasira.

Kwa mila yetu Wajaluo, mjane alibeba kivuli cha kifo mpaka arithiwe na mwanamume wa ukoo. Kabla ya hapo hakuruhusiwa kukanyaga nyumba ya mtu. Akiingia, balaa inaingia naye, na balaa ile hupenda watoto. Ukoo ulimchagua baba mdogo, ambaye tayari alikuwa na wake na hakuwa na haraka ya kazi yoyote. Wazee walikuja, wakala kuku wetu, wakasema neno lao. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawajibu kwa adabu, "Baba zangu, mimi niliolewa mara moja. Imetosha."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa nje. Akihitaji chumvi alisimama kwenye ua akaita, na chumvi ikapitishwa juu ya miti ya ua. Mtoto akizaliwa kijijini alisikia kilio chake akiwa njiani. Mimi niliingia kila nyumba niliyotaka na kula kila sufuria iliyofunuliwa, huku mama yangu amesimama nje kama mchuuzi wa sabuni. Niliona uchungu sana. Nauona hata sasa ninapokuandikia.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya jirani. Mke wa mwanawe alikuwa na mimba ya kwanza, na blanketi lilikuwa la mtoto anayekuja. Nyumba yenye mimba! Hapo ndipo mjane hakutakiwa kabisa. Jumatano ilipofika Mama alibaki kwetu akipepeta mtama uliokwisha kupepetwa. Jirani akaja mwenyewe, mikono kiunoni.

"Nyieka," akamwita, ndivyo wanavyoitana wake walioolewa ukoo mmoja, "katikati ya blanketi langu itashonwa na nani?"

"Ndani kuna mimba," Mama akasema.

"Kuna mimba, kuna chai, kuna kiti. Chagua."

Mama akaenda, lakini hakuingia. Alikaa verandani, nje ya mlango, uso kuelekea ndani, miguu ameikunja nyuma upande wa uani. Alisema atashona vipande vidogo hapo hapo na kuvipitisha ndani. Jirani aliingia ndani, akalishika lile blanketi kubwa lililokwisha kupigwa bandi, akaliburuta hadi upande wake mmoja ukavuka kizingiti na kumwangukia Mama mapajani. Likalala mlangoni hivyo, nusu ndani, nusu nje. "Shona upande wako," akasema, kisha akaenda kuangalia chai.

Nyanya yangu, mama yake baba, alisikia kabla ya nyoyo kupoa. Sitamsema vibaya, alikuwa amemzika mwanawe, na alichobakiwa nacho ni mila. Alikuwa akija kila Jumatano na fimbo yake, anasimama uani na kuuliza kwa Kijaluo, "Miguu yake iko wapi?"

"Iko nje, mama," jirani alijibu akiwa ndani.

"Na mikono?"

"Mikono iko kazini."

Nyanya alitazama, akaona kweli miguu iko nje. Kuingia ni miguu, hilo hata wazee wangekubali. Mama wa Kikuria alijifanya haelewi lolote na kumkaribisha chai kwa Kiswahili kitamu cha mpakani, "Karibu bibi, karibu sana, upumzike," mpaka Nyanya akaondoka akinung'unika.

Lakini kumbuka jinsi lile blanketi lilivyoshonwa. Kila wiki Mama alikunja kipande kingine mapajani, na kila wiki alisogea. Alianza akiwa katikati ya veranda. Akafika ukutani. Magoti yakafika kwenye mlango. Ikaja Jumatano yenye mvua, ile mvua ya ziwani inayokuja bila salamu, ikapiga mabati hata wakawa wanapigiana kelele. Mama alikuwa ameinama, kichwa na mikono ndani ya nyumba, mgongo nje, maji yanamtiririka kutoka shingoni hadi kiunoni. Jirani alimwambia aingie. Akakataa. Akamwambia tena, akatukana kidogo, akakataa. "Mtoto wa watu akipatwa na neno," Mama alisema, "nitasema nini?" Aliendelea kushona na meno yanagongana. Blanketi halikupata hata tone. Nilitaka kulia, nikaenda jikoni nikamchapa paka bure.

Wiki iliyofuata palibaki sehemu ya katikati tu. Aliyekaa nje asingeifikia hata kama angekuwa na mikono ya nyani. Sindano zote zilisimama. Hakukuwa na mvua siku hiyo wala jua kali, asije mtu akasema aliingia kujikinga. Waliangaliana. Hata jirani, mwenye mdomo wake, hakumwita tena, kwa kuwa mjukuu alikuwa wake lakini tumbo halikuwa lake.

Aliyesema ni yule mke wa mwanawe. Alikuwa bado mgeni katika boma, wa kuinamisha kichwa na kuleta maji, na sauti yake sikuwa nimeizoea. Aliweka birika chini.

"Mama," akasema, "mwenye tumbo ni mimi. Ingia."

Mama akachomeka sindano kifuani mwa blauzi, akapangusa nyuzi kwenye sketi, akasimama. Alitanguliza mguu wa kushoto. Halafu wa kulia. Akaketi katikati ya wenzake na kuomba mkasi.

Nyanya alipofika, aliuliza kwa mazoea, "Miguu yake iko wapi?"

"Iko ndani, mama," jirani akasema. "Na chai imeiva."

Nilisikia fimbo ikigonga mawe hadi mwisho wa kijia.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nao waliyaoga. Wanawake wawili waliacha kuja Jumatano. Waume zao walikataza, au walisema waume zao wamekataza. Baba mdogo akachukua kipande chetu cha shamba la mtama karibu na kijito, pamoja na spana za baba. Kuku wa jirani wakafa, na kijiji kikapata la kusema. Jirani alisimama njiani, mahali ambapo kila anayeteka maji angemsikia, akauliza, "Kuku wa kijiji kizima wanakufa kideri kila kiangazi. Hao wengine waliingiliwa na mjane gani?" Mama wa Kikuria alituletea jembe na kulima nasi kwenye shamba lililobaki. Alisema haogopi vivuli vya Wajaluo, anavyo vya kwao vya kumtosha.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alifunikwa lile blanketi. Lakini usiniambie mambo yaliisha vizuri kwa hiyo hawakuwa na cha kuogopa. Watoto walikufa siku hizo, kwa malaria, kwa kuhara, kwa bahati tu. Kama yule angekufa, mama yangu angeitwa muuaji hadi kaburini na jirani angeitwa mjinga aliyemfungulia mlango. Jirani aliyajua hayo yote. Yeye na mke wa mwanawe walimkaribisha wakiyajua. Mimi nimeishi miaka mingi, nimekuwa na marafiki wa kanisani na wa kazini, na sijui kama yuko mmoja ambaye angenifanyia hivyo.

Nyanya hakukanyaga kwetu tena mpaka alipougua. Mama ndiye aliyemuuguza. Sijui kama walisameheana. Mara zote nilipowasikia walikuwa wakizungumza habari za kuku.

Mengi yamekwenda. Mifuko ya unga siku hizi ni ya karatasi, fundi hatunzi vipande kwa mtu, na mablanketi ya dukani yana picha ya simba mwenye meno meupe kuliko ya mtangazaji wa televisheni. Mama wa Kikuria alirudi Ntimaru na akalala huko. Mama yangu amelala ubavuni mwa baba, mume wake mmoja. Sasa na jirani. Mshono ule mdogo ulionyooka sikuurithi. Nina macho mabovu na subira haba. Hayo nayalilia, na sioni aibu kuyalilia. Ila kuna jambo moja lililokwenda ambalo silililii hata kidogo.

Asubuhi baada ya mazishi nilikuwa naosha sufuria katika nyumba ya jirani pamoja na wanawake wengine. Akaingia msichana mmoja wa kijiji, ana nguo nyeusi bado, amefiwa na mume hata miezi haijawa mingi. Aliingia moja kwa moja, bila hodi, simu mkononi, anatafuta mahali pa kuchaji. Hakuna aliyemtazama miguu. Nilimtazama mimi. Nikamuuliza, kwa upole nilivyoweza, kama hakuna mtu aliyemkataza kuingia nyumba za watu.

"Aa, hizo story za kitambo, mathe," akasema akichomeka chaja. "Hizo ziliisha tu zenyewe."

Niliweka sufuria chini, nikafuta mikono.

"Hazikuisha zenyewe," nikamwambia. "Vuta kiti ukae hapa."