Mnyama wa Bibi Aliyepewa Magadi

Kitu chenyewe kilifanana na tako la kuku. Najua kuna namna ya heshima zaidi ya kulisema hilo, ila aliyekiona kikiwa kimejikunja atanielewa. Kikifunguka kilitoa vidole vingi vyekundu vikipepea majini, na hapo Bibi alitukusanya tukitazame, akakiita ua la bahari. Hakikuwa ua, kilikuwa mnyama. Alikuwa na mdomo katikati, na kwa mdomo huohuo alikunya. Bibi alilieleza jambo hilo darasani kwa uso mkavu, na mimi nikatolewa nje kwa kucheka.

Bibi alikuwa mke wa Mjerumani mwenye shamba la kahawa mlimani, chini kidogo ya Nkoaranga. Shuleni kwa wamisheni alitufundisha kuimba, na nyumbani kwake alimfuga mnyama huyo ndani ya sanduku la kioo karibu na dirisha. Maji ya chumvi yalitoka Tanga kwa gari moshi hadi Moshi, ndani ya machupa makubwa, kisha wapagazi wakayabeba kichwani mpaka kwetu. Yaani mlima wenye kijito kila bonde, na watu wanatoka jasho kuuletea maji. Baba aliposikia aliuliza kama yule mama ana watoto. Tukamwambia hana. "Basi," akasema, na hakuuliza tena.

Mtunzaji wa mnyama alikuwa kaka yangu. Kaka alikuwa mwema mpaka anachosha. Nguo zake safi, nyimbo zote anazijua, akiitwa anaitika kabla jina halijaisha. Bibi alikuwa amepewa nafasi ya kupeleka mwanafunzi mmoja kwenye shule ya serikali huko pwani, ambako mtu huingia mchungaji wa ng'ombe na kutoka karani mwenye kofia nyekundu. Kaka aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyoitaka mbingu, na mbingu aliitaka sana. Bibi alipofunga safari kwenda Moshi kutibiwa meno, alimwambia mbele yangu: "Nikirudi nikamkuta hai, utakwenda. Akifa, hutakwenda."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Asubuhi na jioni kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Kumlisha kipande cha nyama kisichozidi ukucha. Na maji yakipungua, kuongeza maji ya mvua mpaka kwenye alama, kwa sababu, alisema Bibi, jua hunywa maji tu na chumvi huiacha ndani. Kaka aliitikia. Hakuelewa hata kidogo, lakini yeye kuitikia ndiyo kazi yake.

Mimi nilikuwa nakwenda kumsumbua.

"Shikamoo, baba wa tako."

"Toka."

"Mtoto kaamkaje?"

"Toka, nitakupasua na hiki kikombe."

"Mimi ni baba yake mdogo, nimekuja kumwona yeye, siyo wewe." Nikatumbukiza kidole. Mnyama akaking'ang'ania kwa vile vidole vyake, anakwaruza kidogo, kama ulimi wa ndama. Kaka akanivuta sikio mpaka mlangoni.

Halafu baridi ikaja. Ukungu ulishuka ukakaa juu ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga, na mnyama akajikunja, akagoma kufunguka. Nyama aliyopewa aliiachia ikaelea. Alianza kulegea kwenye jiwe lake, upande mmoja umebanduka. Kaka naye akaacha kula. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku anamwimbia wimbo wa Jumapili, nikaingia na sauti ya pili, mbovu makusudi. Hakunipiga. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Jumamosi akaenda kumwuliza baba.

"Anakula?" baba akauliza.

"Hali, baba."

"Amelalia upande gani?"

"Hana upande."

"Kila mnyama ana upande."

"Huyu ni duara, baba."

Baba alimtazama kama mtu anayejuta kumpeleka mtoto shule. "Mnamnywesha nini?"

"Maji ya mvua."

"Mnyama wa chumvi mnamnywesha mvua, halafu mnanijia na nyuso ndefu. Mpeni magadi."

Nyumbani kwetu magadi hayakosekani. Shangazi huyaleta kutoka Kisongo, anayapata kwa kina mama wa Kimasai, mabonge meupe yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. Ng'ombe akikataa majani, hulambishwa. Ndama akiwa mnyonge, hutiliwa kidogo kwenye maji, na mara nyingi husimama. Maharage yakigoma kuiva, magadi. Jino likiuma, magadi. Sijapata kusikia mtu wa kwetu akiuliza kama yanafaa. Watu huuliza kiasi gani.

"Kiasi gani?" kaka akauliza.

"Huyo ana ukubwa gani?"

Kaka akaonyesha ngumi.

"Basi ngumi," baba akasema.

Tulipanda pamoja hadi nyumbani kwa Bibi. Kaka alilisaga lile bonge kwa jiwe, akamimina unga wote, akakoroga kwa mkono taratibu, kama anamwogesha mtoto. Maji yakabadilika palepale. Yakawa meupe kabisa, huoni ndani. Wewe ungeogopa. Sisi ni watoto wa wafugaji, na maji yaliyogeuka maziwa kwetu hayatishi mtu. Kaka alikimbia mteremko wote kumpa baba habari, na baba akatikisa kichwa taratibu, ameridhika, akasema sasa mwacheni apumzike.

Weupe ule ulipotulia chini, tulimwona. Alikuwa amefunguka wazi kuliko siku zote, na kaka akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha akatapika tumbo lake mwenyewe. Likaning'inia nje kama utumbo wa kuku kwenye ndoano, na vidole vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Kufika Jumatatu nyumba nzima ilinuka, na mpishi akahamia kupikia uani.

Bibi aliporudi, harufu ilimpokea kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Alikwenda dirishani, akatazama, akavua kofia yake, akalia kidogo kwa adabu. Kaka alimweleza kila kitu, mpaka ngumi. Bibi akamwita mumewe.

Bwana alisema hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kila mtu enzi hizi anaijua hesabu hiyo, hata wasiojua kusoma. Nyapara alikuwa na kiboko tayari, lakini Bwana alitaka ihesabiwe Kijerumani, na nyapara Kijerumani chake kiliishia kwenye matusi. Bibi akaninyooshea kidole mimi. Katika hesabu nilikuwa wa kwanza.

Walimlaza kaka kwenye gogo mbele ya ghala la kahawa. Nikaanza kuhesabu. Bwana alikuwa amekaa barazani anakunywa kahawa, amegeuzia uso mlimani, na mimi, kwa kuwa ni mimi, nikaona hapa pana mwanya. Nilipofika kumi na moja nikarukia kumi na tisa, sauti ileile, bila kukohoa. Nyapara hakugundua. Nilikaribia kucheka.

Bwana hakugeuka hata shingo. "Kutoka mwanzo," akasema.

Kaka alisema kitu, mdomo uko kwenye gogo. Niliinama nimsikie. "Hesabu vizuri," alisema. "Mbwa wewe."

Nikahesabu vizuri.

Siku chache baadaye Bibi aliniita. Nafasi ya pwani ilikuwa bado inasubiri mtu, sanduku limeshanunuliwa, na shati limeshashonwa kwa vipimo vya kaka. Aliniambia nilivae. Mikono ilinipita kidogo. "Utakua," akasema. Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema nilihesabu kwa sauti safi, isiyotetemeka, na shule ile inataka vijana wa namna hiyo. Kaka hakuja kuniaga. Mama alisema yuko na ng'ombe, na alikuwa na ng'ombe kweli, nilimwona ng'ambo ya bonde, akaniona, akawageuza.

Sasa niko huku pwani. Maji ya bahari yakipwa, wale wanyama wamejaa kwenye miamba, wekundu, wa kijani, hakuna anayewamiminia kitu kwa kikombe, na wavulana huwachoma kwa vijiti ili waone wakijikunja. Mwanzoni walinicheka kwa Kiswahili changu cha bara. Nikawasimulia habari hii ili wapate kitu kingine cha kuchekea. Nafanya sauti ya baba na ngumi yake. Nafanya Bibi anavyovua kofia. Kisha nalala juu ya benchi na kufanya kaka, kila pigo na mlio wake, na Bwana akisema kutoka mwanzo, na hapo wanaanguka chini, machozi yanawatoka. Wageni wakija bwenini mimi ndiye ninayeitwa.

Juzi mmoja wao, mwana wa liwali, alikuwa bado anajifuta macho. "Na huyo kaka yako siku hizi anafanya nini?"

"Anachunga."

Wakacheka upya, zaidi ya mara ya kwanza, wakaniomba nirudie kuanzia kwenye gogo.

Nikapanda benchi.