Majina ya Vidole

Mma Gaone, mpishi wa shule moja ya Serowe, Botswana, alimjua mwalimu wa wadogo kwa mikono yake. Mtoto akimwaga uji, mwalimu humwonyesha tambara lilipo, kisha huifunga mikono nyuma isije ikakimbilia kusaidia. Kila Ijumaa walicheza mchezo wa kimya: watoto hufumba macho mkekani, naye mwalimu, akiwa mlangoni, huwaita kwa mnong'ono, mmoja mmoja, wamfuate. Ijumaa moja akabaki Lorato, msichana mgeni asiyesikia, macho kayafumba kama wenzake, anangoja. “Mma, huyo utamwita mpaka kesho,” mtoto mmoja, Kabo, akamwambia mwalimu. “Kosa langu, bwana mdogo,” mwalimu akajibu, akaketi palepale chini.

Wiki nzima Lorato akawatungia wote majina ya vidole, kila mtu na ishara yake ya mkono; la Kabo lilikuwa mdomo wa kuku usiofungika. Ijumaa iliyofuata walicheza macho wazi, na mwalimu akawaita kwa majina hayo. Wakaenda wote isipokuwa Kabo, aliyebaki mkekani, macho yake kwenye sufuria za jikoni. Mma Gaone akataka kukohoa ili amshtue. Mwalimu akamtikisia kichwa, akaifunga mikono nyuma. Lorato alikuwa ameshageuka mlangoni. Alirudi mpaka mkekani, akamgusa Kabo begani, akamwita kwa jina lake.