Persis na Greda Lililokosa Mwenyewe

Persis Nyanchera alikuwa mjane, Msabato wa kweli, na mdomo wake haukujua cheo cha mtu. Alipanda chai kwenye mteremko wetu, juu ya Nyansiongo, wakati wanaume wengi walikuwa bado wakibishana kama chai ni zao au ni ugonjwa wa Wazungu. Chai hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa sabini na moja kiwanda kilitoa neno: mvua ya masika ikianza na lori likikwama tena bondeni kwetu, kituo cha kununulia majani kitahamishwa ng'ambo ya mto. Majani mabichi hayabebwi kichwani mwendo huo. Yakifika yameshapata moto na kuwa mekundu, na karani anayamwaga.

Zamani barabara ilikuwa na mwenyewe mmoja, nyapara Onyancha, mtu mkali mwenye pua kubwa. Ikiharibika ulimtukana yeye, naye alikuja na vibarua na majembe. Kisha tukaletewa maendeleo. Greda, mashine ya kukwangua barabara, likawa la ofisi ya mkoa, dereva akawa wa idara nyingine, na dizeli ikawa mikononi mwa karani wa stoo asiyewatambua hao wote. Onyancha akabaki na filimbi.

Greda lilikuja, likaegeshwa kando ya bonde, likakaa. Dizeli ilipopatikana, dereva alikuwa ameitwa kwingine. Aliporudi, mhandisi hakuwapo. Wakubwa wakaamuru kazi ya ziada mwisho wa wiki. Dereva, kijana wa ziwani aitwaye Obiero, alikuwa Msabato; karani wa dizeli alikuwa Mkatoliki. Jumamosi karani alikuja na ufunguo, dereva yuko kanisani. Jumapili dereva alikuja, karani yuko misani. Wote wawili walilipwa ziada, na Mungu akaabudiwa vizuri sana kwa gharama ya serikali.

Persis alichoka. Akaita risaga, desturi yetu ya majirani kumfanyia mwenzao kazi naye akawalisha. Alipika uji wa wimbi. Wasabato walikuja kwa ajili ya uji. Wakatoliki walikuja wakitumaini umechacha. Walipasua mawe, wakayapanga bondeni, wakachimba mfereji wa maji. Jua likitua, hata lori lililojaa lingeweza kupita. Leo ukiwaita majirani hivyo watakuuliza malipo ni ngapi na mwenyekiti ni nani.

Juma lililofuata mawingu yalianza kujaa, na ndipo karatasi zote za greda zikatimia. Amri ilisema barabara ikwanguliwe hadi udongo, na mawe yote yaondolewe. Obiero akawasha mashine. Persis akaleta kigoda, akakaa juu ya mawe yake.

"Mama, toka tafadhali."

"Nani amekutuma ung'oe mawe yangu?"

"Mhandisi."

"Na amesema uning'oe na mimi?"

"La, mama. Watu si kazi yangu. Hiyo ni ya chifu."

"Basi mwite."

Chifu Angwenyi alifika akihema, tumbo likimtangulia. "Persis! Umekuwa kibao cha barabara?"

"Niondoe, chifu. Nimekaa nikikungoja."

Chifu akamtazama, akalitazama greda. "Hapa ni pa mkoa. Nikikugusa hapa nitaulizwa nimeingiliaje kazi ya wengine. Lazima mkubwa wangu, D.O., aniandikie."

"Na D.O. anangoja nini?"

"Aandikiwe na mhandisi."

Persis akamgeukia Obiero. "Na wewe, mwanangu, dizeli uliyopewa ni ya kungojea barua?"

Obiero akacheka hadi akajifuta macho. "Ya kukwangulia tu, mama. Ya kungojea haijaombwa." Akazima mashine, akaomba uji.

Barua ilikuwa bado inazunguka mvua ilipoanguka. Greda lilizama kando ya bonde hadi tumboni, likakaa hapo na maendeleo yake. Siku ya kununua majani lori la kiwanda lilishuka polepole, likapita juu ya mawe, likapanda hadi kituoni kulikokuwa na vikapu vya Persis.

Dereva wa lori akatoa kichwa nje. "Mama, ni mhandisi gani amepanga mawe yale?"

"Nyamaza upakie," Persis akamwambia, "wasije wakasikia kuna kazi imekwisha."