Santuri ya Majasusi Niliyoiosha Bwera

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa sinema pale Kasese, Msimamizi hakunionyesha mashine hata moja. Alinituma nikanawe mikono.

"Biira, santuri haishikwi usoni," alisema. "Shika ukingo tu. Ile mistari ndiyo muziki yenyewe."

Kazi yangu ilikuwa kupiga santuri kabla ya filamu kuanza. Tulionyesha sana filamu za zamani za majasusi wa mzaha, wale wanaoficha bastola kwenye kiatu halafu wanajipiga risasi kidole cha mguu. Watu walicheka, mimi nilisikiliza tarumbeta.

Ukumbi ulipofungwa nilihamia Bwera, kwenye duka la Hajji, bosi wangu wa pili, ambako tulinakili muziki kwenye kanda na baadaye kwenye kompyuta. Hajji ndiye aliyenifundisha kuosha santuri: maji vuguvugu, tone la sabuni, brashi laini inayofuata mistari bila kuikata.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Mhariri wa Sauti kutoka Kampala, amekumbatia santuri iliyofungwa kwa blanketi. Ilikuwa na muziki wa filamu moja ya majasusi wale. Yeye na wenzake walitaka kuutoa upya, lakini kanda ya asili ilikuwa imeoza, na nakala hiyo pekee waliyoipata ilijaa ukungu. Mafundi wawili walikuwa wameogopa kuigusa.

"Biira, ukiharibu hii, haiko ingine," Hajji alisema.

"Najua, Hajji."

Niliiosha mara mbili. Nilipoipiga, bado ilitatarika kama mafuta ya kukaangia.

"Inatosha, Mama," alisema Mhariri. "Kompyuta itafuta kelele." Akafuta, akatusikilizisha.

"Na ngoma ndogo imeenda wapi?" nikamuuliza.

Akarudia kusikiliza. "Imefutwa pamoja na kelele. Osha tena, Mama."

Mara ya tatu nilienda mstari kwa mstari, mgongo ukiniuma. Nilipoweka sindano, tarumbeta zilitoka safi, ngoma ndogo ikiwa nyuma yake, na katikati tukamsikia mpiga tarumbeta akivuta pumzi. Hajji, ambaye hakuwahi kunisifu, alimgeukia mgeni. "Huyu ndiyo mufundi," akasema.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Kyarumba. Ninyi mnaosafisha sauti kwa kubonyeza kitufe, sikilizeni kwanza mnachotaka kufuta. Kabla ya jalada la toleo jipya kuchapwa, Mhariri alinipigia simu kuuliza kama naruhusu jina langu liwekwe hapo.

"Weka," nilimwambia. "Na herufi ziwe kubwa."