Picha Iliyowapinda Ng'ombe wa Datuk Sinaro

Saa tano asubuhi, Jumamosi, jua limeshapanda juu ya majaruba ya mpunga ya Rambatan na Yusmaniar amezama matopeni hadi magotini. Kamera ameifunika kwa mfuko wa plastiki wa sukari, akaacha tundu moja la lenzi. Jozi ya ng'ombe dume inamjia kwa kasi. Nyuma yao mwendeshaji amesimama juu ya mbao, mkia wa mmoja ameuuma kwa meno ili waongeze mbio.

Yusmaniar anabonyeza. Jozi inapita, na matope yanamvaa uso mzima.

Anaifuta kamera kwa kanga iliyofungwa shingoni, anatazama kioo chake, kisha anafumba macho.

"Tando! Nimekwambia mara ngapi usisimame pale?"

Kwenye tuta, mwanamume wa makamo mwenye shati la rangi ya chungwa anainua glasi yake ya chai. "Mimi nimesimama kwetu, dada Yus. Wewe ndiye umenielekezea kamera."

Yusmaniar ana miaka arobaini na sita. Siku sita za juma anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anapanga magunia na kupima mchele, kwa ujira wa rupia elfu tisini kwa siku. Kamera aliinunua imetumika, kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahama mji.

Hakuna aliyemfundisha. Ana daftari la shule lenye safu nne: alisimama wapi, jua lilikuwa wapi, picha ilitokaje, nani aliiharibu. Safu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, ina jina moja: Tando.

Lakini leo hakuja kujifurahisha.

Katika mbio hizi jozi hukimbia moja moja, na hakuna anayeuliza nani kafika wa kwanza. Wazee wanatazama kama ng'ombe wamekwenda mstari ulionyooka. Jozi inayonyooka hununuliwa kwa jina lake. Inayopinda hununuliwa kwa kilo, na kila mtu anajua kilo hizo zinaishia buchani.

Wiki saba zilizopita, jozi ya mjomba wake, Datuk Sinaro, mkuu wa ukoo wao, ilikimbia imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Yusmaniar aliipiga picha kutoka mbele. Alipofika nyumbani akaona picha imepooza.

"Niliiweka kwenye kundi letu la wapiga picha kwenye simu," anasema. "Wakaniambia, iinamishe, kitu kinachokimbia kikiinama kinaonekana kina kasi. Nikaiinamisha. Nikalikata tuta, nikawafuta watu. Wakanisifu! Watu mia nne hawajawahi kumfuga hata kuku, wakanisifu."

Akaichapisha kubwa, akaitundika kwa furaha kwenye mgahawa wa Mama Enek, anapokunywa kahawa mjomba wake. Kicheko kilianza siku hiyo hiyo.

"Datuk, ng'ombe wako mbona wanakata kona? Wanawahi chakula kwa mkeo?"

Mnunuzi kutoka Payakumbuh, aliyekuwa amesikia sifa za jozi hiyo, alifika, akaitazama picha, akamaliza kahawa yake.

"Aliaga vizuri sana," anasema Datuk Sinaro. "Mtu akiaga vizuri namna hiyo, hanunui."

Picha ya asili haikuwepo tena. Simu ilikuwa imehifadhi iliyoinamishwa juu ya ile ya kwanza, na kadi ya kamera Yusmaniar alikwishaifuta kupata nafasi. Kisha ng'ombe mmoja akaumia kwato, na jozi haikukimbia tena hadi leo. Hii ndiyo Jumamosi ya mwisho ya msimu, na jozi itakimbia mara mbili tu.

"Mjomba hakunigombeza. Bora angenigombeza," anasema Yusmaniar. "Aliniambia tu, 'Mpwa wangu, mimi nilikuonyesha mstari, wewe ukanionyesha kona.' Sasa anataka picha yenye vichwa viwili na miguu minane. Ng'ombe wawili wanaokimbia hawana miguu minane! Mingine iko matopeni, mingine iko hewani. Huyu anataka picha ya kitambulisho."

Ukipiga kutoka ubavuni, anaeleza, kasi inaonekana lakini unyoofu hauonekani. Ukisimama mbele kabisa, unyoofu unaonekana, ila mwaka jana mgeni mmoja aliyesimama mbele alivunjika mfupa wa bega. Ukisogea pembeni kidogo kuokoa bega lako, hata mstari ulionyooka unaonekana umelala upande.

Mkimbio wa kwanza wa jozi ya Datuk anaupiga kutoka pembeni kidogo. Wanaonekana wamelala upande. Na tope limeziba nusu ya lenzi.

"Haya, maliza kutuchinjia ng'ombe," anasema kwa sauti ndogo, akijiambia mwenyewe.

Mkimbio wa pili unapotangazwa, anavuka jaruba na kwenda kusimama mwanzoni, nyuma ya ng'ombe. Vijana wanaoishika jozi wanaangua kicheko.

"Dada Yus, huku utapiga makalio!"

"Shika kamba yako."

Kutoka ng'ambo, Datuk Sinaro anampungia fimbo kwa hasira arudi mbele. Yusmaniar harudi. Ng'ombe wanaachiwa, yeye anahesabu moja, mbili, tatu bila kubonyeza. Maji ya jaruba yamepasuka nyuma yao, na mfereji mmoja unatoka karibu na miguu yake hadi kwa ng'ombe, walioshakuwa wadogo kule mbele. Anabonyeza mara moja. Maji yanajifunga.

Jioni, nyumbani, anaikuza picha. Mfereji umesimama wima katikati. Na ukingoni kulia, karibu kabisa, amejaa Tando na shati lake na glasi yake, maana alikuwa amehamia huko kufuata kivuli cha turubai.

"Nilitaka kulia," anasema. "Nikamkata, picha ikapendeza. Nikamfuta, ikapendeza zaidi. Halafu nikakumbuka kwamba hata ile ya kwanza niliiharibu hivi hivi, nikiipendezesha. Nikamrudisha."

Jumanne anaipeleka kwa Mama Enek. Datuk Sinaro anavaa miwani.

"Vichwa viko wapi?"

"Mbele yao, mjomba."

"Miguu naona mitatu."

"Ndiyo iliyokuwepo."

Mzee wa meza ya pili, Sutan Bagindo, anasogea na kutikisa kichwa. "Na hii nayo kaiinamisha mpaka ikanyooka. Simu za siku hizi zinanyoosha hata mkia wa mbwa."

Mgahawa mzima unacheka. Yusmaniar anashika kichwa kwa mikono miwili. "Sijaigusa! Wallahi safari hii sijaigusa!"

"Ndivyo utakavyosema."

Datuk Sinaro hacheki. Ameinama kwenye ukingo wa picha.

"Tando," anamwita aliyeketi karibu na mlango, "siku ile ulikuwa unakunywa nini?"

"Chai, Datuk. Ilikuwa imebaki nusu."

"Sutan, njoo uone." Anaweka kidole juu ya glasi. "Angeiinamisha picha, na chai ingeinama. Hii imetulia. Wewe umeshaona chai inayopanda mlima?"

Sutan Bagindo anavua miwani yake, anaifuta, anaivaa tena.

"Mama Enek," anasema Datuk Sinaro, "ile nyingine iteremshe."

Mnunuzi wa Payakumbuh ameshapelekewa habari na amesema atapita Alhamisi. Kama atanunua, hakuna ajuaye. Datuk anasema atamkalisha kwenye kiti kinachoelekea picha, na safari hii akiaga vizuri, iwe ni kwa sababu ameshalipa.

Yusmaniar yeye anautazamia msimu ujao. Amepanga kupiga kutoka nyuma, na kwenye daftari ameongeza safu ya tano: kilichobaki ukingoni.

"Sipendi kusema hivi," anasema akikunja uso, "lakini Tando atasimama pale pale. Ila aje na glasi iliyojaa. Nusu haionekani vizuri."