Shule ya Mwisho wa Mtaa

Tulipohamia London kutoka Mombasa, shule ilikuwa mwisho wa mtaa wetu. Kutoka dirisha la juu niliwaona watoto wakicheza uwanjani. Lakini sisi hatukusoma pale. Kila asubuhi basi lilitukusanya watoto wa Kihindi na watoto weusi, likatupeleka shule ya mbali. Wakubwa wa elimu walisema wageni tukizidi shule moja, Wazungu watawahamisha watoto wao. Kule tulifika masomo yameshaanza, na jioni tuliondoka wenzetu wakibaki kucheza.

Mama, aliyekuwa akishona makoti kiwandani, hakulalamika. "Mgeni kuku mweupe," alituambia. "Tulieni."

Kisha mdogo wangu wa kike akashikwa na homa darasani. Mama aliitwa kutoka kazini. Alipanda basi, akalikosa la pili, akamalizia kwa miguu kwenye mvua. Alimkuta mtoto amelala kwenye benchi la korido, amejifunika koti lake mwenyewe, amechoka hata kulia hawezi.

Jioni ile jirani yetu alituletea uji. Alikuwa mama wa Kizanzibari aliyekimbia na wanawe baada ya mapinduzi. Mama alikuwa na Kigujarati chake, jirani na Kiarabu chake cha msikitini. Walikutana kwenye Kiswahili.

"Shoga, angekuwa anasoma hapo chini ningemleta mgongoni," jirani alisema.

"Kesho hapandi basi," mama akajibu. "Wala huyu mkubwa."

"Basi na wangu hawapandi."

Asubuhi mama alimwambia dereva aende zake. Yeye na jirani wakatushika mikono, tukateremka mpaka kwenye geti la shule. Mwalimu mkuu alitoka mwenyewe. Hakuwa mkali. Alisema nafasi hakuna.

"Nyumba ya pili kutoka kwangu wamehamia Wazungu juzi," mama akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mtoto wao yumo humo ndani."

Mwalimu akainamisha macho. "Si mimi niliyeamua, bibi."

"Najua. Sisi tutangoja."

Tukawa tunangoja hapo kila asubuhi, na kina mama wengine wakaongezeka, Wahindi na Waafrika. Watoto wa ndani walitukodolea macho kupitia nondo za geti, nami nikatamani ardhi inimeze. Baadaye tulirudi sebuleni kwetu, mama wa Kizanzibari akatufundisha hesabu mama alipokwenda zamu ya mchana. Siku moja yule jirani Mzungu alimleta mwanawe. Badala ya kumwacha na kuondoka, akasimama nasi upande wa nje. Kesho yake akaja tena.

Baada ya Pasaka wakubwa walikubali kuwaingiza wadogo. Mimi sikuwemo, nilikuwa karibu kwenda sekondari, wakasema nimalizie kule kule.

Mama aliketi kando ya kitanda changu. "Nisimame tena kwa ajili yako?"

Nilimwambia asisimame. Nilikuwa nimechoka kutazamwa, na kule mbali nilikuwa na rafiki ambaye sikutaka kumwacha. Alinipapasa kichwa, akasema, "Haya."

Jumatatu nilikaa kwenye kiti cha nyuma cha basi. Mdogo wangu alikuwa akiteremka mtaa na mama wa Kizanzibari, akiruka madimbwi, mfuko wa vitabu ukimpigapiga mgongoni. Niliona wivu. Niliona fahari pia, na sikujua ipi ni kubwa.